KETI KWANZA, UHESABU GHARAMA

Masomo: Luka 14:25–33, 1 Wafalme 21:1–16, Tito 3:12–14



Mchungaji wetu ameniomba niandike neno la toleo hili, akanipa na sababu yake. Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakishatoka, wazazi humwendea na swali: "Mtoto anataka kusoma sheria. Tufanyeje?" Wengine humwendea na swali zito zaidi: "Mtoto amekwisha kupata shahada ya sheria. Sasa anataka kwenda Dar es Salaam kusomea uwakili, nasi hatuna kitu. Je, tuuze shamba?" Mchungaji akaniambia, "Mwalimu, jambo hili wewe umelipitia. Waandikie watu."

Ni kweli, nimelipitia. Mimi si kasisi wala si mwanasheria. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilisomea ualimu Mpwapwa, enzi zile tulipopewa warandi ya treni, tukashuka Gulwe na masanduku yetu ya bati, wala mzazi hakuulizwa ada. Kwa hiyo kizazi changu hakikufundishwa kuhesabu gharama ya chuo, na hilo limetuponza. Nitaandika kama mwalimu, na mahali fulani nitaandika kama mtu anayetubu.

Neno la Bwana

Katika Luka sura ya 14, Bwana Yesu alikuwa njiani, na makutano mengi walikuwa wakimfuata. Mwingine angefurahi kuona umati namna ile. Yeye aligeuka, akawaambia maneno magumu, kisha akawapa mifano miwili. Wa kwanza ni wa mtu atakaye kujenga mnara. Imempasa mtu huyo kukaa chini kwanza na kupiga hesabu, aone kama anavyo vya kumalizia, asije akaweka msingi, akaishiwa, na kila apitaye akamcheka. Mfano wa pili ni wa mfalme mwenye askari elfu kumi anayekabiliwa na mwenye elfu ishirini. Huyo naye huketi kwanza na kufanya shauri, na akiona hawezi, hutuma wajumbe kutafuta amani adui angali mbali.

Najua vema kwamba hapo Bwana hakuwa akisema habari za ada. Alikuwa akisema habari za kumfuata yeye, na jinsi kumfuata kunavyodai vyote tulivyo navyo. Lakini tazameni alivyofundisha. Alitwaa jambo ambalo kila mtu mwenye akili hulifanya katika shughuli zake, akalifanya kuwa somo la imani. Hakumkemea mjenzi kwa kuuliza kama fedha zitatosha. Anayechekwa katika mfano ule ni yule ambaye hakuuliza.

Nawaombeni mlishike hasa neno kuketi. Mtu aliye mbioni hahesabu sawasawa. Mtu aliyelewa furaha ya matokeo hahesabu sawasawa. Hata anayeogopa maneno ya majirani hahesabu sawasawa. Ndiyo maana Bwana anataka kwanza tuketi.

Siku niliyomnyamazisha mjane

Marehemu kaka yangu aliacha mjane, watoto wanne, na ekari tatu za shamba, ambazo nusu yake ilikuwa zabibu. Ninyi mlio Dodoma mnajua zabibu ni nini kwetu. Mahindi na alizeti hungoja mvua, na mvua yetu ni ya kubahatisha. Lakini mzabibu ukitunzwa na kumwagiliwa, huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kwa zabibu zile watoto walivaa na kusoma.

Mtoto wa kwanza, kijana wa kiume, alisoma kwa bidii, akapata mkopo wa serikali, akahitimu shahada ya sheria. Siku aliyorudi na joho lake kijiji kizima kilimwita Wakili. Lakini hakuwa wakili bado. Ili awe wakili ilimbidi asome tena, na safari hii fedha ilitakiwa itoke nyumbani.

Tulikutana ukoo mzima chini ya mbuyu. Mimi ndimi niliyekuwa msomi wa ukoo, na neno langu lilisikilizwa kuliko lilivyostahili. Nikasema shamba la zabibu liuzwe. Wakati ule serikali ilikuwa imekwisha kuhamia Dodoma, na watu wa mbali walikuwa wakitafuta ardhi kwa pupa. Mnunuzi alipatikana katika muda wa juma moja. Kabla ya kukubali, shemeji yangu aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, na akishindwa?"

Sikilizeni nilivyomjibu. Nilisema mbele ya watu wote, "Shemeji, usimtie mtoto mkosi. Mungu wetu hashindwi." Watu wakaitikia Amina. Yule mama akanyamaza, na kesho yake akaweka dole gumba kwenye karatasi ya mauziano.

Kijana akaenda. Ada tulikuwa tumeihesabu. Hatukuhesabu kodi ya chumba, nauli ya daladala, chakula, wala vitabu. Wala hatukuhesabu kwamba bibi yake ataugua katikati ya mwaka, na fedha ya shamba ndiyo itakayompeleka hospitali. Fedha ilipokwisha, kijana alitafuta kibarua cha kulinda ghala usiku, na mchana akasinzia darasani. Alishindwa mitihani, akarudia, akashindwa tena. Sisemi kosa lilikuwa la waalimu wake. Tulimpeleka vitani na nusu ya jeshi.

Tena kuna dada yake aliyemfuata. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi mwaka uleule, akabaki nyumbani, kwa maana zabibu za kumlipia hazikuwapo tena. Yeye hakuulizwa neno lolote chini ya ule mbuyu. Hata hakuwapo kikaoni. Alikuwa amekwenda kuteka maji ya wageni.

Kijana alirudi usiku, asionekane na watu. Jumapili ya kwanza alipokuja kanisani, mmoja wetu alimwamkia mlangoni, "Mheshimiwa Wakili, karibu sana," na waliokuwa karibu wakacheka. Hakuonekana tena kanisani kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi. Ndugu zangu, wale wapita njia walio katika mfano wa Bwana tuliwaona siku ile. Walikuwa sisi, tukiwa na vitabu vya nyimbo mkononi.

Nimeliwaza jambo hili miaka mingi. Kuamini kwamba Mungu aweza halikuwa kosa. Kosa langu lilikuwa kulitumia jina la Mungu kumfunga mdomo mama aliyekuwa akihesabu. Swali lake lilikuwa ni lile ambalo Bwana Yesu alitaka mjenzi ajiulize, nami nililiita mkosi.

Hesabu yenyewe

Sasa niwaoneshe hesabu, kama nilivyokuwa nikifanya ubaoni, ili mzazi atakayeketi na mtoto wake ajue mambo ya kuandika kwenye daftari. Mambo hayo ni manne.

Kwanza ni miaka na fedha. Shahada ya sheria katika vyuo vyetu vingi huchukua miaka 4, na vingine 3. Wengi husoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Ni msaada mkubwa, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, ila mkopo ni deni. Ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa juu ya deni ilifutwa mwaka 2021, lakini mwenye kuajiriwa bado hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Fanyeni hesabu: mwenye mshahara wa shilingi 600,000 hukatwa shilingi 90,000 kila mwezi. Hiyo ndiyo fedha ambayo mama yake alitumaini kutumiwa.

Baada ya shahada huja Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007, ambayo vijana huiita Law School. Huko mtu hufundishwa kazi kwa mikono: kuandaa hati, kuongoza shahidi, kumhoji shahidi wa upande wa pili, na maadili ya uwakili. Tena hupelekwa mahakamani na katika ofisi za sheria kujifunza kwa kutenda. Akifaulu, na akikubaliwa, ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na kuandikwa katika orodha ya mawakili.

Wengi hudhani hesabu imekwisha hapo. Bado. Wakili mpya hana wateja. Hulipia leseni yake kila mwaka, na akitaka ofisi yake mwenyewe atalipa pango, meza, na karani, kabla hata mtu mmoja hajabisha hodi. Akijiunga na ofisi ya mkubwa wake, mara nyingi hupewa kidogo kwa muda mrefu. Mawakili walioandikishwa Tanzania Bara sasa wamepita elfu kumi, na wengi wao wamejazana mijini. Mzazi asihesabu kwamba mwaka wa kuapishwa ndio mwaka wa kujenga nyumba ya bati.

Jambo la pili ni hatari ya kushindwa. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya kundi moja la wanafunzi wa taasisi hiyo, na nchi nzima ikashtuka. Katika wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na walioshindwa kabisa walikuwa 265. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza jambo hilo. Sitaji hesabu hii ili kumvunja mtu moyo, wala kundi moja si makundi yote. Naitaja kwa sababu katika wale 633 karibu kila mmoja alikuwa na mama aliyeambiwa, "Mungu hashindwi." Kurudia mtihani maana yake ni kukaa mjini tena, kulipa chumba tena, na kula tena. Mwenye kuhesabu aandike gharama ya mara ya kwanza, na chini yake aandike gharama ya kurudia.

La tatu ni kujua ni nani hasa anayelipa. Mara nyingi twasema, "Ukoo unamsomesha." Ukoo ni nani? Kwetu alikuwa mjane aliyepoteza zabibu, na binti aliyepoteza uuguzi. Katika sheria ya Musa shamba lililouzwa kwa shida lilirudi kwa wenyewe mwaka wa yubile, kama tusomavyo katika Walawi 25. Hapa kwetu yubile hiyo haipo. Shamba letu sasa lina ukuta na geti, na bei yake ya leo hata ukoo wote tukichanga hatuifikii. Basi kila atakayelipa aitwe kikaoni, hata awe mtoto, naye asikilizwe kabla ya karatasi kuandikwa.

La nne ni lile swali la shemeji: na akishindwa? Swali hili lina majibu, ila hutaka kuulizwa mapema. Mwenye shahada ya sheria asiye wakili hajawa mtu wa kutupwa. Ziko kazi za utawala, za ardhi, na za utumishi ambazo elimu ile huzifaa. Sheria ya mwaka 2017 ya msaada wa kisheria imewatambua wasaidizi wa kisheria, wanaowaelekeza wanyonge pasipo malipo. Na kwa kijana ambaye hajaanza bado, kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, kinachotoa mafunzo ya sheria ya ngazi ya cheti na stashahada. Hiyo ni njia fupi zaidi ya kujua kama kazi ya sheria inamfaa, kabla hajaingia katika deni la miaka mingi.

Je, kazi yenyewe yastahili?

Mtu akisoma mpaka hapa atadhani nataka kuwazuia watoto. La hasha. Ningefanya hivyo ningekuwa nimeihesabu fedha na kuusahau mnara.

Chuo Kikuu chetu cha Dar es Salaam kilipoanza mwezi Oktoba 1961, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria, na wanafunzi hawakufika ishirini. Uhuru ulikuwa Desemba. Wananchi waliokuwa karibu kujitawala walihitaji watu wao wenyewe wa kuisoma sheria na kuitumia, na hitaji hilo halijakwisha.

Someni habari za Nabothi. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka, Nabothi akakataa kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Angalieni sasa jinsi alivyonyang'anywa. Hawakuja majambazi usiku. Malkia Yezebeli aliandika barua, zikatiwa muhuri. Wazee walikutana, mfungo ukatangazwa, Nabothi akaketishwa mbele ya watu, na mashahidi wawili wakasimama, kwa maana torati ilidai mashahidi wawili. Ukiitazama kwa nje, taratibu zote zilifuatwa. Mashahidi walikuwa waongo, na katika mji mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyesimama kuwahoji. Nabothi alipigwa mawe akafa.

Kila ninaposoma sura ile huwafikiri akina Nabothi wa kwetu. Mjane huambiwa na ndugu za marehemu kwamba shamba ni la ukoo. Huenda Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana huambiwa aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapo huanza maombi ya kuandika, viapo, tarehe, na nauli za kwenda na kurudi. Tunashukuru kwamba mwaka huohuo wa 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama. Lakini mtu asiyejua pa kuanzia, hata akisemeshwa kwa Kiswahili bado amepotea. Mtu mmoja mwaminifu anayeijua njia, akikaa upande wake, humwokolea nyumba na watoto.

Kwa hiyo kazi hiyo yastahili gharama, na gharama kubwa pia, ikiwa kijana anaitaka kwa ajili hiyo. Aulizwe basi. Mwanangu, unaitaka sheria, au unataka kuitwa Mheshimiwa? Bwana Yesu, katika Luka 11:46, aliwakaripia wanasheria wa siku zake kwa kuwatwika watu mizigo mizito ambayo wao wenyewe hawakuigusa hata kwa kidole. Mtoto aliyesomeshwa kwa shamba la mjane, kisha akawatoza wajane wasichokuwa nacho, atakuwa amepoteza zaidi ya yule aliyeshindwa mtihani.

Tulivyoketi mara ya pili

Mwaka jana kitinda mimba wa marehemu kaka yangu, msichana, alimaliza naye shahada ya sheria. Akaja kwangu akapiga magoti kuniamkia, akasema, "Baba mdogo, nami nataka kuwa wakili." Nilikosa usingizi usiku ule.

Tulikutana tena chini ya mbuyu uleule, na safari hii tuliketi kwelikweli. Nilileta daftari. Nilimwomba shemeji yangu aseme wa kwanza, na kabla hajasema nilimwomba radhi mbele ya watu walewale waliosema Amina. Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, basi leo nijibu." Nikamwambia tutamjibu sote, kwa maandishi.

Kaka yake alikuwapo. Siku hizi ni mtendaji wa kijiji katika kata ya jirani, na makato yake ya mkopo anayalipa kila mwezi. Yeye ndiye aliyetutajia zile gharama ambazo mimi sikuzijua, moja moja, hata fedha ya kutoa nakala za karatasi. Ilimchukua muda kusema, kwa maana kila aliyoyataja yalikuwa mambo yaliyompata yeye mwenyewe. Alipomaliza alimwambia dada yake, "Nitakupa madaftari yangu yote, nami nitakueleza ni wapi nilianguka."

Tuliamua hivi. Ekari moja na nusu iliyobaki haiuzwi kwa neno lolote. Binti atafanya kwanza kazi miaka miwili kama karani katika ofisi ya wakili mjini, aweke akiba, na aione kazi hiyo kwa karibu, kama ataipenda bila joho. Kila ndugu atakayechanga ataje kiasi ambacho hata kikipotea hatamchukia mtoto. Wawili walipunguza walichokuwa wametaja, nasi tuliwashukuru. Na dada yao aliyekuwa ameachwa nyuma apewe zamu yake kwanza. Hilo nililichukua mimi. Sehemu ya kiinua mgongo changu imekwenda huko, naye sasa yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Sijisifu kwa hilo. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi nimerudisha kidogo, tena nimechelewa.

Kisha tukafika kwenye swali la shemeji, na jibu lake liliandikwa kwa maneno ya mama mwenyewe: "Akishindwa, atarudi nyumbani mchana." Kijana wetu aliposikia hayo aliinama, asiinue uso kwa muda mrefu.

Sijui kama binti yetu atafaulu. Nawaomba mumwombee. Najua tu kwamba safari hii ameagwa na watu waliohesabu, na akianguka hataliangusha boma zima pamoja naye.

Wajibu wa kanisa

Nimalizie na somo la tatu, ambalo wengi hulipita haraka kwa kuwa ni salamu tu za mwisho wa barua. Katika Tito 3:13 Mtume Paulo anamtaja mtu mmoja aitwaye Zena, mwanasheria, aliyekuwa akisafiri na Apolo. Paulo anamwagiza Tito awasaidie safarini kwa bidii, wasikose kitu. Na katika mstari unaofuata anasema kwamba watu wetu nao wajifunze kutenda mema kwa ajili ya mahitaji ya lazima. Basi kanisa la Krete liliwekewa wajibu kwa safari ya mwanasheria.

Wajibu wetu ni nini? Kwanza, tunao Wakristo wenzetu wanaoishi Dar es Salaam, wazaliwa wa mtaa huu. Chumba kimoja katika nyumba ya mmoja wao chaweza kumwokoa mwanafunzi na kibarua cha usiku. Pili, kama katika usharika wetu yuko wakili au hakimu, akubali kuketi na kijana Jumamosi moja na kumweleza kazi ilivyo, utamu wake na uchungu wake. Tatu, wazee wa kanisa wasikubali tena shamba la mjane kuuzwa kwa ajili ya masomo kabla hajaulizwa peke yake, mahali ambapo shemeji zake hawamsikii.

Na la mwisho halina gharama hata ya senti moja. Kijana akirudi bila cheti, aitwe kwa jina lake la ubatizo, apewe nafasi kwenye benchi kama jana. Kijana wetu amekwisha kurudi kanisani. Huketi nyuma, karibu na mlango, na bado huondoka kabla ya salamu. Jumapili ijayo, mmoja wenu amfuate nje amwamkie.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyetupa akili za kuhesabu na moyo wa kutumaini, utufundishe kuvitumia vyote viwili mbele zako. Uwaongoze vijana wetu wanaochagua njia, na wazazi wanaowalipia. Uwape wanaosoma sheria nguvu za kumaliza, na moyo wa kumsimamia asiye na mtu. Uwainue walioshindwa, na utusamehe sisi tuliowacheka. Twaomba hayo kwa jina la Yesu Kristo, Mtetezi wetu kwa Baba, asiyetutoza ujira. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
Mwalimu mstaafu